Neno Mdomoni mwa Kidawa

Miji yote niliyofundisha ilikuwa mji mmoja. Nafika, nashushwa, naoneshwa ukumbi, nabandika karatasi ukutani, nasema habari za asubuhi, na sura zilezile zinaniitikia kwa sauti ileile ya watu walioitwa wasikotaka kwenda. Nikimaliza napakiwa tena garini, nasinzia, naamka nimeshushwa pengine, na pengine penyewe ni palepale. Zamani nilikuwa na jina. Siku hizi kwenye kibandiko cha kifuani huandikwa Mwezeshaji, nami hukivaa bila kukisoma, kama ng'ombe anavyovaa kengele. Siwezi kuapa kwamba haya ninayoyasimulia yalitokea mara moja tu. Huenda yanatokea sasa, na wewe unayesoma umekaa kwenye duara, unangoja zamu yako ifike.

Mji huu ulikuwa wa chumvi. Chumvi ilikuwa kwenye mashimo, kwenye magunia, kwenye nyusi za watu. Warsha ilifanyika katika ghala kuukuu ambalo kuta zake zilitoka jasho asubuhi zikakauka mchana, na mtu akisema kwa muda mrefu ndani yake, midomo ilimkauka hata akaonja maneno yake mwenyewe. Kwa sababu hiyo watu wa pale walisema kidogo. Mimi nilidhani ni woga. Walionituma nao walidhani ni woga, ndiyo maana wakanituma. Sijawahi kuwaona walionituma. Nawajua kwa ratiba zao tu, na ratiba ya safari hii ilisema kwamba niendeshe Warsha ya Kupaza Sauti.

Mlangoni alinipokea Shaame, mwenyekiti wa mji, mtu mnene mwenye pumzi fupi, ambaye tangu alfajiri alikuwa akipanga viti na kuvipangua. Aliniuliza habari za safari, za afya, za nilikotoka, za niliowaacha. Nikajibu njema, njema, njema, njema. Kisha akanivuta kando, karibu na mtungi wa maji, akashusha sauti.

"Mwalimu, humo ndani kuna mama mmoja ana neno mdomoni. Tunaomba asiguswe."

Nikamwuliza maana yake. Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto wa jirani njia ya kwenda kisimani. Katika mji ule, mtu anayekata roho huliacha neno lake la mwisho kwa aliyekaa kitandani pake, na neno hilo lina mwenyewe. Haliandikwi, halinong'onwi, halipitishwi mkono kwa mkono. Aliyeachiwa hulishika mdomoni mpaka mwenyewe atokee amsikilize. Kwa muda wote huo hasemi jingine lolote, kwa sababu mdomo una mlango mmoja, na kitakachotangulia kutoka ndicho kitakachokuwa kimetoka, na lile la marehemu limepotea. Atakula, atakunywa, hata kucheka atacheka, lakini hasemi. Jirani yake mmoja huwa msemaji wake: humwagizia maji, humsalimia wageni, humgombea dukani. Wala haachwi nyumbani peke yake, asije akajisahau akaita kuku. Watu wakienda kazini huenda naye, wakienda kikaoni hukaa naye.

Mama huyo aliitwa Kidawa. Mumewe Faki alikuwa amefia mikononi mwake, na neno aliloacha lilikuwa la binti yao, Raya, aliyekuwa mbali. Raya alikwishapelekewa habari. Alitarajiwa kufika siku ileile.

Nilimsikiliza Shaame mpaka mwisho, nikatikisa kichwa kwa ule utaratibu tunaofundishwa, nikamshukuru kwa kunishirikisha. Kisha nikaingia ndani nikaandika kwenye karatasi ya Maegesho: Mila. Sisi wa kazi hii tuna karatasi hiyo katika kila ukumbi. Jambo lolote linalotaka kuvuruga ratiba huandikwa pale, kwa heshima, na washiriki huahidiwa kwamba tutalirudia. Miaka yangu yote sijaona jambo lililorudiwa. Zinakunjwa zile karatasi, zinafungwa kwa mpira, zinasafiri nasi, na ndani yake yamelala machozi ya nchi nzima yakingoja dakika tano za mwisho.

Naomba nieleweke. Sikuwa mtu mbaya. Nilifundishwa na waliofundishwa kabla yangu kwamba mtu aliyestarehe hajifunzi. Kwamba palipo na jasho ndipo elimu inapoingilia. Kwamba mshiriki akianza kukwepa macho, akivuta ncha ya nguo yake, akiinamia viatu, mwezeshaji mwerevu asirudi nyuma, asogee. Nimewasogelea wengi. Nimewafanya wazee wa heshima waigize kuku ili wachangamke. Nimewataka wakwe na wakwe zao washikane mikono na kuangaliana machoni. Nimemwambia mtu aliyefiwa juzi achore mto wa maisha yake kwa rangi, naye akauchora, rangi ya bluu, ukafika mahali ukakatika, na sote tukaupigia makofi. Wengine walinifuata baadaye wakanishika mkono, wakasema mwalimu, umenifungua. Basi kwa ajili ya hao wachache nikajipa ruhusa juu ya wengine wote. Lakini swali moja lilikuwa likinifuata toka mji hadi mji, na katika ghala lile la chumvi lilinikalia begani: nani alinipa mimi haki ya kupima ni maumivu gani yanamfaa mtu mwingine? Daktari hukata, lakini daktari anajua jipu liko wapi. Mimi nilikuwa nakata kila aliyekaa karibu.

Nikaliandika swali hilo nalo kwenye Maegesho, kichwani.

Viti vilipangwa duara. Nilipohesabu niliona kimezidi kimoja, nikakitoa nikakiweka ukutani. Shaame akakirudisha. Nikamwambia hakina mtu. Akasema ndiyo, hakina mtu, akakifuta vumbi la chumvi kwa kiganja, akakiacha palepale. Sikutaka kuanza siku kwa ubishi juu ya kiti, nikaendelea.

Kwanza tukaweka kanuni. Katika miji mingine kanuni za warsha hazifiki saa ya chai. Huandikwa simu zizimwe, na simu huanza kuita wakati wino haujakauka. Sikujua kwamba huu ulikuwa mji wa namna nyingine, mji ambao watu wakiinua mikono juu ya jambo, jambo hilo hukaa, kama jiwe linavyokaa, na hata mchana na usiku hulizunguka. Nilitoa tatu. Ya kwanza, kila mtu atataja jina lake na jambo moja analoliogopa. Ya pili, hakuna atakayetoka mpaka kila mtu awe amesema. Ya tatu, mtu asimsemee mwenzake.

Hiyo ya tatu niliipenda. Niliipigia mstari chini.

Tunu, jirani yake Kidawa, mwanamke mwenye miguu iliyovimba aliyevua viatu akaviweka chini ya kiti, aliuliza kama kanuni hiyo inashika hata pale mwenzako mwenyewe anapokuomba umsemee. Nikasema hapo ndipo inaposhika hasa, kwa maana ndivyo watu wanavyonyang'anywa sauti zao, kidogo kidogo, kwa wema. Akatazama mikono yake. Nikaona haya yake, nikafurahi, kwa kuwa nilidhani somo limeanza kuingia.

Shaame akauliza: "Kila mtu, mwalimu?"

"Kila mtu."

"Kila aliyemo humu ndani?"

"Kila aliyemo humu ndani."

Akakitazama kile kiti kitupu, akainua mkono, na wote wakainua. Mgeni hapingwi asubuhi. Jua wakati huo lilikuwa likipanda.

Duara likazunguka. Mtu mmoja aliogopa mvua isiyo ya msimu, itakayoyeyusha chumvi iliyoanikwa. Mwingine aliogopa kikohozi cha mama mkwe wake. Kijana wa mashimoni aliogopa kwamba kaka yake ana akili kuliko yeye, na kaka yake, aliyekaa pembeni yake, zamu yake ilipofika alisema anaogopa jambo lilelile. Watu wakacheka, na kwa muda mfupi ghala likawa na upepo. Tunu aliogopa miguu yake. Shaame alisema anaogopa vikao. Nami nilikuwa nimesimama katikati, nikizunguka na maka peni yangu, ile kalamu nene ya kuandikia karatasi za ukutani, nikiwashukuru mmoja mmoja kwa ujasiri, nikiwaongoza wenzao wawapigie makofi ya kilo, yale ya pamoja ya kuhesabiwa moja, mbili, tatu, na mikono yao ilipiga pamoja kwa adabu kama ya watu wanaokung'uta mkeka wa mtu mwingine.

Kisha zamu ikafika kwa Kidawa, ikasimama hapo.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amekaa wima, kanga yake imefungwa vizuri kichwani. Midomo yake haikuwa imekazwa. Ilikuwa imefumbwa kwa upole, kama anavyofumba mtu aliyebeba maji kinywani kumpelekea mgonjwa. Tunu alifungua mdomo, akaitazama kanuni ya tatu na mstari wake, akaufunga. Mimi nikatabasamu. Nikasema tuna wakati.

Na hapo ndipo jua liliposimama.

Sikulijua mara moja. Lilikuwa la utosi, na kwenye sakafu, kwa mwanga wa matundu ya paa, kivuli cha kila mtu kilikuwa kimejikunja chini ya kiti chake. Nilingoja. Mwezeshaji mzuri anajua kungoja, huhesabu moyoni, na kwa kawaida kabla hajafika mbali mshiriki huvunjika akasema chochote. Nilihesabu mpaka nikasahau nilipoanzia. Vivuli havikusogea. Mpishi alikuja mlangoni, akaomba radhi, akasema wali umetokota ukaishia hapohapo, hauivi wala hauungui, na mvuke umesimama juu ya sufuria haupandi. Alimwambia Shaame, lakini macho yake yalikuwa kwangu. Nikamjibu kwamba tukimaliza tutakuja. Akarudi jikoni, na tangu hapo kila nilipotazama nje nilimwona amesimama na mwiko wake, pozi lilelile.

Nini kimya? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nimekula mkate wangu kwa kuwaharakisha watu wafike kwenye mshindo. Sikuwahi kujiuliza kama kipo kimya kilichokwisha kufika. Kimya cha Kidawa hakikuwa na shimo ndani yake. Kilijaa. Ungeweza kukiegemea. Lakini mimi nilikuwa na masikio ya kazi, na masikio ya kazi husikia kimya cha namna moja tu, kile cha mtu aliyeonewa, kwa sababu hicho ndicho tulichotumwa kukitibu, na mganga aliyebeba dawa moja huuona ugonjwa mmoja kila nyumba.

Nilijaribu nilivyojua. Nikaleta kichangamsho: tusimame, tujinyooshe, tushike vidole vya miguu. Walisimama, wakajinyoosha, wakashika, wakakaa. Nikawagawa vikundi, nikawarudisha. Nikampa Kidawa karatasi na kalamu, aandike ikiwa ni vigumu kusema, naye akavipokea kwa mikono miwili, akaviweka mapajani kama mtu aliyepewa mtoto amshikie. Nikazungumza juu ya wanawake na sauti. Nikazungumza juu ya mila, kwamba zipo njema na zipo za kuachwa. Nikasema jambo ambalo lilikuwa zuri sana, silikumbuki.

Wengine walianza kuteseka. Mama mmoja kijana maziwa yalimvuja yakalowesha gauni, na mtoto wake alikuwa nyumbani kwa bibi yake. Mzee mmoja alitaka kwenda haja, akabana, akainama, jasho likamtiririka masikioni, asitoke, kwa sababu alikuwa ameinua mkono. Miguu ya Tunu ilizidi kuvimba. Nami niliwaambia wakae na huo usumbufu, wasiukimbie. Maneno hayo niliyapokea kwa watu wa mbali, na kwa lugha yetu hayakai sawasawa: mtu akae na usumbufu, kwani usumbufu ni shemeji atandikiwe mkeka? Lakini niliyasema. Na wao, wote, walikuwa wakinitazama. Hawakumtazama Kidawa. Waliona haya kunitazama, na bado walinitazama, wakanitazama tena kwa pembe ya jicho, wakakitazama kiti, wakanitazama. Nikadhani wananiomba niwaokoe naye. Mshiriki anapomtazama mwezeshaji namna ile huwa anangoja jibu, na tumefundishwa tusiwape.

Nimechoka.

Nani amesema? Hakuna. Kichwa changu kilikuwa kikisema. Nimechoka kusimama. Nimechoka kuwa mtu asiyekaa. Nimechoka na wino huu, na harufu yake ya pipi. Nimechoka na hizi sura zenye adabu. Kama kuna mtu ananisikia, na aniitie mtu wa kuniwezesha mimi. Sema, mama. Sema lolote. Taja panya, taja giza, mtu yeyote huogopa giza. Sema twende tukale wali.

Ningeweza kufuta kanuni. Nililifikiria hilo, nakiri, hata nikaisogelea karatasi. Lakini wino wa maka peni haufutiki, na karatasi nikiichana nitawaambia nini walionituma? Wala sikuendelea kwa ukatili. Niliendelea kwa sababu ya uchovu. Mtu mkatili hupumzika, hutafakari, huchagua. Mtu aliyechoka hufuata ratiba. Mambo mengi mabaya niliyoyaona duniani yalifanywa na watu waliotaka tu kufika mwisho wa siku.

Basi nikafanya lile tunaloliweka akiba. Nikaenda mpaka mbele ya Kidawa, nikapiga magoti kwenye chumvi, uso wangu ukawa chini ya uso wake, nikaifanya sauti yangu ndogo.

"Mama," nikasema, "hapa ni mahali salama."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sijatazamwa vile tangu nilipokuwa na jina. Alitazama macho yangu, yaliyokuwa mekundu, na midomo yangu iliyopasuka, na magoti yangu. Alichukua ncha ya kanga yake akanifuta jasho la usoni, taratibu, kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni, kama anavyofutwa mtoto aliyetoka kucheza. Tunu alimshika mkono kumzuia. Kidawa akautoa mkono wa Tunu kwa upole.

"Naitwa Kidawa," alisema. "Naogopa kulisahau."

Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, sauti ya mlango uliofungwa siku nyingi. Mara alipomaliza aligutuka. Akauweka mkono mdomoni. Niliona shavu lake likitembea, ulimi ukipita huku na huku, ukirudi, ukitafuta, kama wa mtu aliyeng'oka jino anayeligusa pengo haliamini. Alitazama sakafuni, kati ya miguu yake na magoti yangu. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na chumvi. Tunu akageuza uso wake ukutani.

Nami nikainuka. Nikasema, wenzangu, tumpigie mama makofi ya kilo. Nikapiga, moja, mbili, na nilipofika ya tatu nilisikia kwamba ninapiga peke yangu.

Nikageuka dirishani kutazama jua. Halikuwa limesogea.

Mpishi alikuwa amesimama na mwiko. Mvuke ulikuwa juu ya sufuria. Vivuli vilikuwa vimejikunja chini ya viti. Nikalizungusha jicho duara zima, nikataja moyoni, huyu kasema, huyu kasema, huyu, huyu. Wote. Nikamwuliza Shaame kumetokea nini, mbona tumemaliza na hatujamaliza.

Alikuwa akitafuta namna ya kunisitiri.

"Bado mmoja, mwalimu."

"Nani? Si Kidawa amekwisha sema?"

"Kidawa hakuwa kwenye hesabu," alisema. "Mwenye neno mdomoni huwa hahesabiwi kikaoni. Amekaa na sisi, lakini kiti chake kwetu ni kitupu. Yeye tulikuwa hatumngoji." Akakifuta tena kile kiti cha ziada kwa kiganja chake. "Tulikuwa tunakungoja wewe."

Hakuna aliyeinua macho. Ilikuwa zamu yao sasa kuniepushia aibu, na waliifanya kazi hiyo vizuri kuliko nilivyowahi kuifanya yangu. Yule mzee aliyebanwa na haja alijifanya anakagua vifungo vya shati lake. Nikauliza, sauti yangu ikiwa imebaki kidogo, kwa nini hawakuniambia. Jua lilikuwa limesimama muda wote ule, watu wamejaa ukumbini, na hakupatikana hata mmoja wa kuniambia?

"Ulisema mtu asimsemee mwenzake," alijibu Shaame.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia, na mimi nilikuwa nimejikwaa ulimi wa mtu mwingine. Nikakiendea kiti. Sijui kama umewahi kukaa baada ya kusimama maisha yako yote. Mbao zilikuwa na joto, kama za kiti kilichotoka kukaliwa. Kutoka pale niliuona ukumbi nisivyouona nikiwa wima: karatasi zangu zilikuwa juu mno, maandishi hayakusomeka, na mtu aliyesimama katikati angeonekana tumbo na mikono tu. Kidawa alikuwa upande wa pili, amenielekea. Alikuwa bado anatafuta na ulimi.

Nikataka kutaja jina, nikakuta sina. Nikainamisha macho kwenye kibandiko, pakawa na lile neno la kazi. Ukumbi ulingoja. Hakuna aliyenihimiza. Hakuna aliyeniambia ni mahali salama. Na katika kimya kile walichonipa, kipana, kisicho na kidole kinachoelekeza, nilielewa kwamba hivi ndivyo walivyokuwa wakiningoja tangu asubuhi, kwa subira hii, wenye haja zao na maziwa yao, na kwamba kama ningekaa hapa mapema, neno la Faki lingekuwa bado linamngoja mwenyewe.

"Jina langu silikumbuki," nikasema. "Naogopa kimya. Nikinyamaza nasikia nilivyochoka."

Kivuli kikatoka chini ya kiti changu, kikanyooka kuelekea mlangoni. Kule nje mvuke ukapanda, na mpishi akausogeza mwiko wake, akaita watu. Mzee akatoka mbio, mama kijana naye. Waliobaki waliinuka polepole, wakavuta viti kando, wakanishukuru mmoja mmoja kwa somo. Tulikuwa tumebandika karatasi ya tathmini karibu na mlango, ya kuchora uso wa furaha, wa kati, au wa huzuni, na kila aliyepita alichora uso unaocheka, kwa kuwa mgeni haagwi kwa huzuni. Niliziangalia zile nyuso zikijaa. Nitazipeleka kwa walionituma, nao watafurahi, na watanipangia mji mwingine.

Wali uliliwa chini ya ukuta wa ghala. Nililetewa sahani nilipokaa, nyama yangu imezidi ya wengine.

Watu walikuwa wananawa mikono wakati Raya alipofika. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, na mkoba begani, nguo zake zina vumbi la rangi ya nchi nyingine. Watu walimwona kabla mama yake hajamwona, wakaacha kuzungumza, wakaacha hata maji yaliyokuwa yakimiminwa. Yeye hakuwasalimu. Na desturi haikumtaka awasalimu. Alimwendea mama yake moja kwa moja, akapiga magoti, akaondoa mtandio sikioni, akalisogeza sikio karibu na mdomo wa Kidawa, akafumba macho. Alikuwa amelingoja neno hilo njia nzima, ilionekana. Uso wake ulikuwa umekwisha kulitayarishia mahali.

Kidawa alimshika bintiye kichwa kwa mikono yote miwili. Midomo ikafunguka, ikafunga. Ulimi ukapita mara ya mwisho. Watu wote tulikuwa tunasikiliza, Mungu atusamehe, lilikuwa si letu.

"Umekula njiani, mwanangu?" alisema.

Raya hakufumbua macho upesi. Alibaki na sikio lake palepale, kwa kuwa pengine lilikuwa ndilo, pengine baba yake, mtu wa mashimo ya chumvi, alilala akiwaza chakula cha mtoto wake na akaliacha hilo. Nilimwona akilipima. Nilimwona akitaka liwe ndilo. Kisha akamtazama mama yake, na mama yake hakuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo.

"Mama," alisema Raya, "lilikuwa lipi?"

"Lilikuwepo mpaka leo," alisema Kidawa. Alimpangusa vumbi begani, akamwekea mtandio vizuri, na wala hakuelekeza macho yake upande wangu. "Mgeni wetu alikuwa amechoka, mwanangu. Nikamhurumia."

Gari lililokuja kunichukua likapiga honi barabarani. Ukutani, kwenye karatasi ya Maegesho, lile neno moja nililoliandika asubuhi lilikuwa bado linangoja. Shaame alikuwa ameanza kuvirudisha viti ndani, akivihesabu, na alipofika kwenye changu alinikuta ningali nimekikalia, akanipita kwa adabu, akachukua kinachofuata.